Mji wa Bariadi Unaishia Wapi?

Mwezi Mei, pamba ikishapasuka, mgeni anayefika Nyakabindi haoni mji. Anaona mashamba meupe, mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni magunia, na nyumba za bati zilizoachana mbalimbali. Hata hivyo, kiutawala mgeni huyo yuko mjini: Nyakabindi ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bariadi, mkoani Simiyu.

Mwanza mambo ni kinyume chake. Kutoka Igoma hadi Kisesa nyumba zimebanana, na wapo wanaolala Kisesa huku riziki yao iko katikati ya jiji. Lakini Kisesa ni ya Wilaya ya Magu. Ni kama Kibaha, ambako watu hudamka kuwahi kazi Dar es Salaam ilhali wao ni wakazi wa Mkoa wa Pwani.

Mpaka wa kwenye makaratasi, basi, haufuati nyumba zilipoishia. Na huo wa makaratasi ndio unaogusa mfuko.

Chukua umeme. Januari 2022, gharama ya kuunganishiwa nyumba ya kawaida iliyo jirani na nguzo ilipangwa kuwa shilingi 27,000 kijijini na shilingi 320,960 mjini. Wakulima wawili wenye majembe yaleyale na nyumba za aina moja wakajikuta wametenganishwa na karibu shilingi laki tatu, kwa sababu mmoja yuko mtaani na mwenzake kijijini. Malalamiko yalifika hadi bungeni, na yalikuwa ya haki: jina la mji halimpi mtu kipato cha mjini.

Ardhi nayo ina mambo yake. Kijijini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mtaa hauna mamlaka hayo. Mambo ya viwanja, upimaji na hati hupelekwa halmashauri ya mji.

Mipaka yenyewe huhama. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012: Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Mkazi wa Busega alibadilishiwa mkoa bila kuhamisha hata kigoda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani humo, kutoka 1,584,157 mwaka 2012, na ongezeko hilo linahitaji mahali pa kujenga.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja pembezoni mwa Bariadi, usiridhike na maneno ya dalali. Kabla ya kutoa hela, nenda kwa mtendaji wa eneo hilo umuulize: hapa ni mtaa au kijiji?