Kwa nini maneno ya filamu hupotea kibandani

MTU yeyote aliyewahi kulipa kiingilio katika kibanda cha video huenda ameyashuhudia haya. Muziki unarindima, magari yananguruma na milio ya risasi inatikisa mabati, lakini waigizaji wanapofungua vinywa, maneno yao hayasikiki, au yanasikika kwa mbali mithili ya mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili.

Watazamaji hulalamika, mwenye kibanda huongeza sauti, na muziki ukazidi kuumiza masikio ilhali maneno yamebaki palepale. Lawama huelekezwa kwa spika, kwa deki au kwa nakala ya filamu. Mara nyingi vyote hivyo ni vizima. Kilichotokea ni kwamba filamu ilichanganywa kwa ajili ya spika sita, nayo inachezwa kwa spika mbili bila ya mtu kuijulisha mashine.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mtaa wa Kibera, jijini Nairobi. Sehemu ya filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipigwa humo. Mwaka uliofuata ikaja filamu fupi ya Kibera Kid, na mwaka 2010 zikatoka Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman, na Togetherness Supreme, iliyogusia ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007.

Wakazi wa vijiji vya Kibera kama Makina, Mashimoni na Kambi Muru wameonekana katika skrini za dunia. Lakini mkazi wa Kambi Muru anayetaka kuitazama filamu ya mtaa wake hafiki lazima katika jumba kubwa la sinema. Huitazama nyumbani, katika simu, au kibandani penye spika mbili, pengine moja. Je, yule aliyeipanga sauti ya filamu hiyo alimkumbuka mtazamaji huyu?

Masikio mawili yanavyotambua

Binadamu hutambua sauti inakotoka kwa sababu ana masikio mawili. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Inayotoka upande wa kulia hufika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, na tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aidha, kichwa hukinga sehemu ya sauti, hivyo sikio la mbali husikia kwa unyonge zaidi. Ubongo hulinganisha mambo hayo mawili na kutoa uamuzi papo hapo.

Mafundi hutumia udhaifu wa ubongo huo huo kuuhadaa. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu sawa, msikilizaji aliyeketi katikati huisikia kana kwamba inatoka kati ya spika hizo, mahali pasipo na chochote. Ikipunguzwa ya kulia, sauti husogea kushoto. Huko ndiko kuelekeza sauti.

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa sauti ya pande mbili mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba alikerwa na sinema za wakati huo, ambamo mwigizaji angeweza kuwa upande mmoja wa skrini huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Mwaka 1940, filamu ya Fantasia ya kampuni ya Disney ilionyeshwa kwa mtambo maalumu, nao wahandisi wake walibuni kifaa cha kuisogeza sauti kutoka spika moja hadi nyingine.

Spika sita na kazi zake

Mfumo uliokuja kuenea zaidi katika sinema na majumbani huitwa 5.1. Tano ni spika za kawaida: kushoto, katikati na kulia mbele ya mtazamaji, kisha kushoto na kulia nyuma yake kidogo. Ile nukta moja ni mkondo wa besi nzito pekee, unaopelekwa kwa spika kubwa ambayo wengi huiita wufa. Batman Returns ya mwaka 1992 ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza kuonyeshwa kwa mfumo wa Dolby Digital wenye mikondo hiyo sita.

Spika ya katikati ndiyo iliyokabidhiwa maneno, na sababu yake ni rahisi. Hadaa ya spika mbili humfaa aliyeketi katikati tu. Aliye karibu na spika ya kushoto hufikiwa na sauti ya spika hiyo kwanza, na ubongo wake huamua kwamba yote yanatoka huko. Spika halisi ikiwekwa katikati ya skrini, kila mtu ukumbini, hata wa pembeni kabisa, husikia maneno yakitoka kinywani mwa mwigizaji.

Hesabu ndani ya miksa

Katika miksa ya dijitali, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Kwa kazi za filamu, kipimo cha kawaida ni tarakimu 48,000 kwa kila sekunde. Kuelekeza sauti si kitu kingine ila kuzidisha: kila tarakimu huzidishwa kwa namba moja kwa ajili ya kila spika.

Tuchukue tarakimu 1,000. Fundi akiielekeza kushoto kabisa, kushoto hupata 1,000 na kulia sifuri. Akiileta katikati ya spika hizo mbili, haigawanywi 500 kwa 500, kwa maana sauti ingesikika imefifia. Kila upande hupata kama 707, na nguvu ya pande zote mbili kwa jumla hubaki ileile ya mwanzo. Akiisimamisha nusu ya njia kati ya katikati na kushoto, kushoto hupata 924 na kulia 383. Hivyo sauti hutembea bila ya kupanda wala kushuka.

Katika miksa iliyoundwa kwa ajili ya 5.1, kama vile Yamaha DM2000 iliyotoka mwaka 2002, kazi hii hufanywa kwa spika zote. Fundi husogeza kijiti au alama katika skrini inayoonyesha ukumbi ukiangaliwa kutoka juu, nayo miksa hupiga hesabu ya kila spika. Mwendo huo huhifadhiwa pamoja na saa ya filamu, hata picha ikirudiwa mara mia, sauti itapita njia ileile. Upo pia mpangilio wa kuitawanya sauti, yaani kuiruhusu ile ya katikati imwagike kidogo katika spika za kushoto na kulia.

Tuseme kuna tukio la kubuni ambapo kijana amesimama Kambi Muru akizungumza na mwenzake. Maneno yao yatawekwa katikati. Adhana kutoka Makina itawekwa nyuma kushoto, na sauti za wachuuzi zitatandazwa pande zote. Garimoshi linalokatiza Kibera litaanzia nyuma kulia na kupita hadi mbele kushoto, na mngurumo wake utatiwa pia katika besi. Kisha mama yake kijana anamwita kwa hofu kutoka nyuma, na wito huo ndio unaobadilisha kisa kizima. Fundi anashawishika kuuweka katika spika za nyuma pekee. Katika jumba kubwa la sinema, watazamaji watageuza shingo.

Kutoka sita hadi mbili

Je, filamu hiyo itasikikaje kibandani? Mashine iliyowekwa sawasawa huikunja mikondo sita kuwa miwili. Kwa kanuni iliyozoeleka, mkondo wa katikati huzidishwa kwa 0.707 na kumiminwa kushoto na kulia, na ile ya nyuma hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho na kuingizwa kila mmoja upande wake. Mkondo wa besi kwa kawaida huachwa nje kabisa.

Hivyo wito wa mama, uliokuwa na nafasi yake nyuma, sasa unatoka mbele, ukibanana na wachuuzi, garimoshi na maneno ya kijana mwenyewe. Huenda usisikike. Na iwapo mngurumo wa garimoshi ulitiwa katika besi peke yake, garimoshi halitanguruma.

Hali huwa mbaya zaidi pale deki au kompyuta inapoamini kwamba ina spika sita, ilhali zilizounganishwa ni mbili za mbele tu. Mashine haikunji chochote. Mkondo wa katikati unatumwa kwenye tundu lisilo na waya, na maneno yote yanakwenda nao. Hicho ndicho kitendawili cha kibandani tulichoanza nacho.

Pengine kuna spika moja tu. Ikiwa imeunganishwa kwa waya wa kushoto, yote yaliyoelekezwa kulia hayapo. Na hata pande mbili zikijumlishwa, sauti zilizofanywa zionekane pana kwa kugeuza mawimbi ya upande mmoja huweza kufutana zenyewe kwa zenyewe.

Ongeza hapo chumba chenyewe. Kuta za mabati hurudisha sauti, na maneno huvurugwa na mwangwi wake. Si ajabu kwamba usimulizi wa kina DJ Afro, ambao huwaeleza watazamaji filamu za kigeni kwa lugha wanayoielewa, ulipata umaarufu mkubwa nchini Kenya. Sauti ya msimulizi hutangulizwa mbele ya kila kitu, na mtazamaji hapotezi neno.

La kufanya

Mwenye kibanda au familia yenye spika mbili haihitaji kununua chochote. Ifungue menyu ya sauti katika deki, kompyuta au televisheni na kuchagua spika mbili badala ya 5.1. Maneno yaliyokuwa yamepotea yatarejea papo hapo.

Mzigo mkubwa zaidi ni wa fundi. Neno linalobeba kisa lisiachwe nyuma peke yake: wito wa mama unaweza kuanzia nyuma, mradi sehemu yake iwe katikati. Kitu cha lazima kisitegemee mkondo wa besi. Kuitawanya kidogo sauti ya katikati huikinga dhidi ya waya usiokuwepo, ingawa humpunguzia mtazamaji wa sinema uhakika wa mahali inapotoka. Na kabla ya kazi kukabidhiwa, isikilizwe kwa spika mbili, kisha kwa moja, na ikiwezekana katika chumba cha mabati.

Zaidi ya yote, filamu ya nyumbani itolewe ikiwa na mchanganyo wa pili uliotengenezwa kwa masikio kwa ajili ya spika mbili, badala ya kuiachia mashine ikunje. Mifumo iliyofuata, kama Dolby Atmos iliyoanza kutumika mwaka 2012, huhifadhi mahali pa sauti na kuacha hesabu ya spika ifanywe wakati wa kuonyesha. Hata hivyo, hakuna mfumo unaojua ni neno lipi halipaswi kupotea. Hilo hulijua mtu.

Wakazi wa Kibera wamekopesha nyuso zao, vichochoro vyao na sauti zao kwa filamu hizi. Ni haki kwamba zitakaporudi Kambi Muru, ziwe na maneno yake.