Kilwa ya Wasioiona, Kariakoo Tusiyoichora

Mwaka 1572, katika mji wa Cologne ulioko Ujerumani, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha picha za miji ya dunia. Katika ukurasa mmoja waliiweka Aden pamoja na miji mitatu ya pwani yetu: Mombasa, Kilwa na Sofala.

Mtu akiitazama Kilwa yao ataona majengo marefu yaliyosongamana mithili ya mji wa Ulaya. Si ajabu, kwani hawakupata kuikanyaga pwani hii. Walichora kwa kutegemea habari za wengine. Kilwa yenyewe ilikuwa na Msikiti Mkuu wa matumbawe na chokaa, uliojengwa tangu karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wenye makuba na usio na mnara. Hata leo magofu yake yanashuhudia.

Ndugu Waislamu, aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inatufundisha kuzihakiki habari kabla ya kuzifuata. Picha nayo ni habari. Hata hivyo, tusiwalaumu wageni peke yao. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezuru pwani yetu kati ya 1846 na 1848, alirudi kwao na picha zilizotengenezwa papa hapa. Je, sisi tumeweka nini?

Tunapita Kariakoo kila siku. Nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, baraza mbele na uwani nyuma, zinabomolewa na maghorofa yanapanda. Misikiti nayo hupanuliwa ili iwatosheleze waumini, na hilo ni jema. Lakini ni familia ngapi zilizopiga picha ya ukuta kabla ya nyundo kuufikia?

Hili si suala la mapambo tu. Nyumba iliyowekwa wakfu isipoandikwa, mipaka yake hubaki katika vichwa vya wazee, na wazee huondoka. Qur'ani imetuamrisha kuyaandika madeni. Amana ya wakfu haistahiki uangalizi mdogo kuliko huo.

Basi leo, baada ya swala ya Ijumaa, kijana na aketi barazani na babu yake, ampige picha mlangoni, aandike nani alijenga, mwaka gani, na kwa niya ipi. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu wataijua Kariakoo kwa mkono wa asiyeiona.

Wabillahi tawfiq.