Kibaba cha Akiba

Mvua za vuli za mwaka 2023 zilipoikata barabara ya Garsen hadi Lamu, malori yalikwama, na nyumba nyingi zikategemea kilichokuwamo jikoni. Ndiposa twasema kuwa kujiandaa na majanga huanzia sokoni, kabla maji hayajafika mlangoni.

Mama aendaye Kongowea au Marikiti aongeze kila juma kibaba kimoja tu cha pojo, kunde au mchele. Achague iliyokauka vyema, aihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mahali pa juu, na apike kwanza ile ya zamani. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaelekeza watu wa Misri waweke akiba miaka ya neema, nayo ikawavusha miaka ya ukame.

Mafunzo ya huduma ya kwanza nayo yasipuuzwe. Mafuriko huchafua visima, na kuharisha humkausha mtoto upesi. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali.

Wala akiba si kuhodhi. Anunuaye magunia kwa hofu humpandishia jirani bei. Awekaye kibaba baada ya kibaba hupata cha kumgawia jirani huyo siku njia ikifungwa.