Kwa nini mgombea binafsi hafiki mbali Marekani

NOVEMBA 3, mwaka 1992, Wamarekani zaidi ya milioni 19.7 walimpigia kura Ross Perot, bilionea wa Texas aliyekuwa akiwania urais bila kudhaminiwa na chama. Idadi hiyo ilikuwa asilimia 18.9 ya kura zote, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano waliofika vituoni. Lakini zilipohesabiwa kura 538 za wajumbe wa uchaguzi, ambazo ndizo zinazomwingiza mtu Ikulu ya White House, Perot hakupata hata moja.

Miaka 24 kabla ya hapo, mwaka 1968, Gavana wa zamani wa Alabama, George Wallace, naye alisimama nje ya vyama vikuu viwili, akitumia chama kidogo na sera ya kutetea ubaguzi wa rangi. Wallace aliambulia asilimia 13.5 tu. Hata hivyo, aliondoka na kura 46 za wajumbe.

Aliyependwa na wengi zaidi akatoka mikono mitupu, na aliyependwa na wachache akapata fungu. Siri ya mkasa huo haimo katika hotuba za wagombea hao wala katika fedha zao. Imo katika namna kura zinavyohesabiwa.

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa kujumlisha kura za wananchi wa nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, inayolingana na idadi ya wawakilishi na maseneta wake bungeni, na katika majimbo 48 pamoja na mji mkuu wa Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska pekee yanayogawa baadhi ya wajumbe wao kwa wilaya za uchaguzi.

Wafuasi wa Wallace walikuwa wamejazana Kusini, hivyo aliongoza katika majimbo matano: Alabama, Arkansas, Georgia, Louisiana na Mississippi. Wafuasi wa Perot walikuwa wametawanyika nchi nzima kama mchele uliomwagika. Jimbo alilofanya vizuri kuliko yote ni Maine, alikopata asilimia 30 na kushika nafasi ya pili, kama ilivyokuwa Utah. Kwa hesabu ya Wamarekani, kuwa wa pili katika jimbo hakuna tofauti na kuwa wa mwisho. Bill Clinton, aliyepata asilimia 43 tu ya kura za wananchi, alizoa kura 370 za wajumbe.

Na hata kama mgombea binafsi angefanikiwa kuwazuia wenzake wote kufikisha kura 270 zinazohitajika, uamuzi ungehamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo hupiga kura moja. Baraza hilo limejaa wanachama wa vyama hivyo hivyo viwili alivyotaka kuvipiku.

Mpigakura wa Marekani anaijua hesabu hiyo, na hapo ndipo lilipo tatizo kubwa zaidi. Mwanazuoni wa Kifaransa, Maurice Duverger, aliandika mwaka 1951 kuwa mfumo wa mshindi mmoja kwa kura nyingi huelekea kuzaa vyama viwili, kwa sababu mtu hataki kura yake ipotee. Anaweza kumpenda mgombea wa tatu mwezi Juni, akamsifu mbele ya wanaomhoji, lakini ifikapo Novemba anajiuliza ni yupi kati ya wale wawili anayemwogopa zaidi, kisha anampa kura anayeweza kumzuia.

Ndivyo ilivyomtokea John Anderson, mbunge wa Republican aliyejitoa na kugombea peke yake mwaka 1980. Katika uchunguzi wa maoni wa katikati ya mwaka huo alivuka asilimia 20. Siku ya kura alipata asilimia 6.6. Perot mwenyewe aliongoza uchunguzi wa Gallup wa Juni 1992 kwa asilimia 39, akiwa mbele ya Rais George Bush na Clinton, ingawa alijiharibia kwa kujitoa Julai na kurudi Oktoba. Robert F. Kennedy Mdogo naye alivuka asilimia 20 katika baadhi ya chunguzi za mwishoni mwa 2023. Agosti 2024 alisimamisha kampeni na kumuunga mkono Donald Trump.

Hofu ya kupoteza kura ilipata ushahidi wake mkubwa Florida mwaka 2000. George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo hilo kwa kura 537, na kwa kura hizo akapata urais. Ralph Nader, mtetezi wa walaji aliyegombea kwa tiketi ya chama cha Green, alikuwa na kura 97,488 katika jimbo hilo hilo. Nader amekataa siku zote lawama za kumwangusha Gore, lakini wapigakura wake walitoa hukumu yao. Mwaka 2004 aligombea tena, safari hii akiwa mgombea binafsi, na kutoka kura zaidi ya milioni 2.8 akashuka hadi chini ya nusu milioni.

Vikwazo vingine vinajengwa juu ya msingi huo. Cha kwanza ni kuingia tu kwenye karatasi ya kura. Hakuna tume moja ya taifa inayopokea fomu. Kila jimbo lina sheria yake. Tennessee hudai saini 275 tu kwa anayewania urais. Mwaka 2024 Texas ilidai saini 113,151, zikusanywe kwa miezi miwili na siku kadhaa, na tena kutoka kwa watu ambao hawakushiriki uchaguzi wa mchujo wa chama chochote mwaka huo. New York hudai saini 45,000 kwa wiki sita.

Kukusanya saini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzitetea mahakamani. Mwaka 2004 wanachama wa Democratic walimwekea Nader mapingamizi katika majimbo kadhaa. Huko Pennsylvania aliondolewa kwenye karatasi ya kura, kisha yeye na mgombea mwenza wake wakaamriwa kulipa gharama za kesi zinazozidi dola 80,000. Kennedy aliondolewa New York baada ya mahakama kukubali kuwa anwani aliyoijaza haikuwa makazi yake halisi. Ajabu ni kwamba alipotaka jina lake liondolewe Michigan na Wisconsin baada ya kujitoa, alikataliwa. Mtu aliyehangaika kuingia akashindwa kutoka.

Cha pili ni midahalo ya televisheni. Tume iliyoisimamia kwa zaidi ya miaka 30 iliundwa mwaka 1987 na wenyeviti wa Democratic na Republican. Mwaka 1992 Perot aliruhusiwa, na kura zake zikapanda. Mwaka 1996, alipogombea kwa chama alichokianzisha, Reform, alifungiwa nje na kupata asilimia 8.4. Tangu mwaka 2000 tume hiyo ilimtaka mgombea awe na wastani wa asilimia 15 katika chunguzi za maoni. Kwa kipimo hicho, Perot wa 1992, aliyekuwa chini ya asilimia 10 kabla ya midahalo, asingepanda jukwaani. Mwaka 2024 midahalo ilipohamia kwa vituo vya televisheni, CNN ilibakiza sharti hilo la asilimia 15, na Kennedy hakulitimiza.

Fedha ni kikwazo pia, lakini pengine hutajwa kuliko inavyostahili. Perot alikuwa nazo, akanunua nusu saa nzima za televisheni kueleza deni la taifa kwa michoro, na bado hakupata mjumbe.

Kwa msomaji wa Tanzania, mjadala huu una ladha yake. Hapa nchini mgombea binafsi amezuiwa na sheria yenyewe, na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Juni 2013, katika shauri lililomhusisha Mchungaji Christopher Mtikila, ilitamka kuwa zuio hilo linakiuka haki. Hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 bado kila mgombea alilazimika kudhaminiwa na chama. Marekani mlango uko wazi kisheria. Kinachomkwamisha mgombea ni ngazi zilizo nyuma ya mlango.

Ndiyo maana wanasiasa wajanja huamua kupitia ndani ya vyama. Trump alijaribu kuwania tiketi ya Reform kwa uchaguzi wa 2000 na kujitoa mapema. Mwaka 2016 aliingia katika mchujo wa Republican na kuwa Rais. Bernie Sanders, aliyechaguliwa bungeni kutoka Vermont tangu 1990 akiwa mgombea binafsi, alipotaka urais mwaka 2016 na 2020 aliomba tiketi ya Democratic.

Mgombea binafsi hufua dafu pale tu mmoja wa wakubwa wawili anapompisha, au katika jimbo dogo anakofahamika. Nebraska mwaka 2024, Dan Osborn, fundi mitambo na kiongozi wa wafanyakazi, alipata zaidi ya asilimia 46 katika kinyang'anyiro cha Seneti. Democratic haikuwa imesimamisha mtu.

Maine imejaribu kubadili hesabu yenyewe. Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alipata ugavana kwa chini ya asilimia 38, akimzidi mgombea binafsi Eliot Cutler kwa kura zisizofika 10,000, huku mgombea wa Democratic akibaki na asilimia 19. Wengi wa waliomkataa LePage waliona kuwa wamegawana kura na kumpa ushindi. Mwaka 2016 wananchi walipitisha sheria inayomruhusu mpigakura kuwapanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Asipofanikiwa wa kwanza, kura humfuata wa pili badala ya kupotea.

Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 2018, na mwaka 2020 ilitumika hata kwa urais. Lakini Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilikuwa imetoa maoni mwaka 2017 kwamba katiba ya Maine inamtambua aliyeongoza kwa kura, hata bila kufikisha nusu, katika uchaguzi mkuu wa gavana. Kwa hiyo kiti kilichowafanya wananchi wadai mabadiliko kilibaki nje ya mabadiliko hayo.