Boti nayo ina matumizi

Mzazi wa Njombe au Makambako ukiuza mbao ukanunua boti ya uvuvi Ziwa Nyasa, kule Ludewa, usidhani umemaliza kulipa. Boti ina gharama zake: mafuta, matengenezo ya injini, kushona nyavu, kuziba panapovuja na leseni ya kila mwaka. Usipoitengea fungu lake, itakula ada ya shule na hela ya dawa.

Kila mauzo yakiingia, toa kwanza fungu la boti, ndipo upange ya nyumbani. Mwezi ukiwa mgumu, usipunguze jaketi za kujiokolea. Mafuta yakikosekana, boti inalala ufukweni. Jaketi likikosekana, mtoto wa mtu anaweza kubaki yatima.