Dawa ya Minyoo: Kuharisha Siyo Kupona

Katika vijiji vya Shinyanga na machimbo ya Geita, wengi wetu huanza na mitishamba ya kusafisha tumbo. Mgonjwa akiharisha sana, huamini minyoo imetoka. Lakini minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu, hivyo kuharisha hakuitoi. Mayai yake huendelea kuumiza ini au kibofu, na wengine hufikia kutapika damu. Mtoto mdogo akiharisha sana hupungukiwa maji, na anaweza kufa.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Imezwe baada ya kula. Tumbo laweza kuuma, na kichefuchefu au kizunguzungu kutokea kwa saa chache; mwenye minyoo mingi husumbuka zaidi. Dawa haizuii kuambukizwa tena ziwani au kwenye madimbwi yenye konokono.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia zihimize vyoo na maji salama. Anayetumia mitishamba tusimcheke. Tumsindikize zahanati, amweleze mhudumu bila hofu.