Je, Wajua? Upepo wa Ziwa, Mbuzi wa Kerio na Taarifa za Wawekezaji

Je, wajua kwamba upepo unaowafikia wavuvi wa Kerio una mwekezaji New York? Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, imesimama mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mwaka 2023 mfuko unaosimamiwa na BlackRock, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya kusimamia fedha za watu, ulinunua asilimia 31.25 ya mradi huo. Ni BlackRock hiyo hiyo ambayo kila wiki hutoa maoni kuhusu masoko, na washauri wa fedha huyasoma kabla ya kuzungumza na wateja wao.

Upepo wenyewe haukuwahi kuwa tatizo. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kupeleka umeme Suswa ilichelewa, na gridi ya taifa ikaupokea Septemba 2018 tu. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata sheria. Kwa hiyo taarifa inayosifu upepo kurasa kumi, isitaje waya wala ardhi, haimsaidii mshauri hata kidogo.

Je, wajua kwamba Kakuma nayo imewahi kuandikiwa taarifa ya uwekezaji? Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, ilikadiria soko la kambi ya wakimbizi na mji kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, lenye biashara zaidi ya 2,000. Kambi ilianza mwaka 1992. Wateja walikuwepo miaka hiyo yote. Aliyekosekana ni wa kuwahesabu kama wateja.

Je, wajua kwamba faida inayotangazwa na mifuko ya soko la fedha nchini Kenya kwa kawaida haijatolewa kodi? Mfanyabiashara wa Lodwar akiweka shilingi 100,000 kwa asilimia 10, atapata 10,000 kwa mwaka. Kodi ya zuio ya asilimia 15 itachukua 1,500, zibaki 8,500. Bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 6, thamani iliyoongezeka kweli haifiki hata 2,500. Mshauri mwema huifanya hesabu hii mbele ya mteja, kwa kalamu.

Lakini akiba ya Kerio, kwa sehemu kubwa, bado ina miguu minne. Je, wajua kwamba nayo hufuatiliwa kutoka angani? Bima ya mifugo inayotegemea setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010 kwa utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, KLIP, ikianzia Turkana na Wajir, na kuwalipia wafugaji waliochaguliwa ada ya hadi vizio vitano vya mifugo. Ng'ombe mmoja ni kizio kimoja; mbuzi ni kumi kwa kizio.

Emuron, yaani mwaguzi wa Waturkana, husoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa ili kujua yatakayokuja. Setilaiti yenyewe husoma ukijani wa malisho na kuulinganisha na wa miaka iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutoka, ili mfugaji anunue chakula cha mifugo kabla haijafa. Hapo ndipo panapotaka maelezo ya kweli: setilaiti haihesabu mizoga. Sotoka ya mbuzi na kondoo ikiua mbuzi wako wote huku nyasi zimeota, hulipwi. Malisho yakikauka na mbuzi wako wakapona, unalipwa. Asiyeambiwa hivyo siku ya kujiandikisha atajiona ametapeliwa siku ya msiba.

Basi msomaji wetu wa Kerio, wakala wa bima akija, muulize mambo mawili kabla ya kutoa shilingi: kipimo cha malisho kinasomwa kwa eneo lipi, na kikishuka hadi wapi ndipo unalipwa?